Duara la Asubuhi

Dada Severa, shikamoo. Ndizi ulizotuma zimeivia guniani. Sina hamu ya kupika.

Kazi mpya hapa Kariakoo wanaiita skramu masta. Siyo ubosi. Kila asubuhi mafundi wa programu za simu wanasimama duara, nami nawauliza nini kimewakwamisha. Wanajibu kama watu walioulizwa habari: nzuri tu. Mmoja wao, Mihir, naye alijibu hivyo, kumbe alikuwa amekwama tangu mwanzo, akaona haya kusema. Wenye maduka tunaowatengenezea programu walipokuja kuijaribu, ikagoma. Mihir amefukuzwa. Mimi nasubiri zamu yangu. Asubuhi bado nawauliza waliobaki, na bado ni nzuri tu.

Ukinipigia ukaniuliza habari za kazi, nitajibu nzuri. Nakuomba uulize tena.

Mdogo wako,
Tarsis