Sikio la Nazari

Matiri, Mbinga
Juni 16, 1996

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea na shikamoo ya mjukuu wako Nazari, ambaye hajui bado kuitamka lakini kila asubuhi anapiga kelele, nami nahesabu kuwa ndiyo hiyo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mguu umepoa, na Baba ameacha kwenda ziwani na kile kikohozi. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya Matiri mwezi huu inatufuata hata ndani ya blanketi. Usipa uliompa Edmund atuletee umefika. Tumekula, na majirani wamekula, maana kwa harufu ile ya dagaa nisingeweza kuwaficha.

Usishtuke, Mama. Najua unavyosoma barua: unaruka salamu, unakimbilia chini kutafuta msiba. Hakuna msiba. Nazari amelala hapa barazani kwenye mkeka, nami naandika nusu mstari, nainuka, naweka mkono kifuani kwake, narudi kukaa. Ukiona mwandiko umepinda, sababu ni hiyo.

Nataka nikueleze habari za sikio. Siku ulipomtoboa, mkweo alikuwa Kitura akiwafundisha wakulima kupogoa mibuni. Uliipitisha sindano kwenye moto, ukatoboa, ukaweka kijiti cha ufagio, ukaniambia maneno aliyokuambia Bibi ulipomzaa Kaka Florian baada ya kuzika wawili: kwamba chungu kilichotoboka hakina mnunuzi, na mtoto mwenye tundu mauti hayana haja naye. Ukaniagiza tundu lisizibe mpaka aote meno. Mimi niliyemzika mwanangu Cleopa na mdogo wake katika udongo huu huu, ningekataa nini? Ungetaka kumtoboa na pua ningekushikia kichwa.

Mkweo aliporudi alikusalimia vizuri, akakubebea kikapu mpaka kwenye gari. Usidhani hakukasirika. Mkwe hagombezwi, basi alisubiri uondoke, hasira akazimalizia kwa mbuzi. Mimi aliniambia kwamba yeye ni bwana shamba, mtumishi wa serikali, tena Mmoravian, na hakutegemea mwanawe wa kiume atobolewe sikio kama wahuni wa mjini. Akasema Cleopa alikufa kwa malaria na mdogo wake kwa kichomi, na hakuna ugonjwa kati ya hiyo uliouliza habari za sikio. Alisema kweli, nami sikuona kweli yake ingenisaidia nini.

Uliniambia nioshe kwa maji ya chumvi, niache. Kuosha niliweza, kuacha ndiko kulikonishinda. Kila mtoto alipogeuka nilikizungusha kijiti nione kama hakijaganda. Gamba likitokea nalibandua kwa ukucha. Kumbe kidonda hakipendi kujuliwa hali kila saa. Sikio likawa jekundu, likavimba, likaanza kutoa usaha.

Sasa hapa Matiri, Mama, dawa ni mrututu. Mtu akijikata kwa jembe, mrututu. Mbuzi akioza kwato, mrututu. Ni ile dawa ya buluu wanayopulizia mibuni. Tangu ushirika uache kukopesha pembejeo na wanunuzi binafsi waingie na malori yao, mwenye kopo la mrututu analificha uvunguni, lakini kwa bwana shamba halikosekani. Jirani yangu Mama Bernadi aliniambia nipake kidogo tu, watoto wake wote walipona hivyo. Nikapaka. Sikio likageuka buluu, ngozi ikachubuka, mtoto akalia mpaka sauti ikakauka, akakataa ziwa.

Mkweo aliingia, akaliona sikio. Alimfunga mtoto ndani ya koti lake, akatangulia zahanati, nami nikamfuata mbio nikiwa peku. Muuguzi pale, Walburga, alinisema mbele ya watu wote, na nilistahili. Akaniambia mrututu niwaachie mibuni. Akaniagiza ninawe mikono kwa sabuni kabla sijamgusa, maji yachemke kwanza ndipo yapoe, chumvi iwe ya kubana kwa vidole viwili, na gamba nililainishe kwa pamba ya maji mpaka litoke lenyewe. Nisizungushe kijiti, nisipake mafuta. Kijiti hakukitoa, kwa sababu usaha unahitaji mlango.

Nilifanya kama alivyosema, na sikio likapungua uvimbe, na mtoto akanyonya. Hapo ndipo lilipokuja nililokuwa nakuficha. Nikimwogesha, kijiti kilidondoka. Nilikitafuta ndani ya beseni mpaka maji yakapoa, na nilipokipata, tundu halikukipokea. Ningeweza kusukuma. Mkono ulikataa, Mama, kwa jinsi alivyoniangalia. Kesho yake palikuwa na alama kama ya kuumwa na mbu. Tundu limeziba, na mtoto hana hata jino moja.

Tangu hapo sina raha. Siku moja niliwaacha darasa la tatu katikati ya hesabu za kugawanya, nikakimbia nyumbani kumsikiliza mtoto anavyopumua, na msichana anayemlea akadhani nimekuja kumfumania. Nilimwomba mkweo tuje huko kwako Lundo umtoboe upya. Akasema muuguzi amekataza mpaka ngozi ipoe kabisa. Akasema pia tundu la sikio halizuii mbu, na kweli wiki ile akaleta chandarua. Nilikifunga vizuri, na bado nikawa naingia ndani yake kumwangalia mtoto.

Wiki iliyopita aliitwa mkutanoni Mbinga, ule wa kuwataja wanaopunguzwa kazini. Alirudi jioni, jina lake halikutajwa, nikamshukuru Mungu. Alikuwa amevaa kofia ya sufu, ameivuta mpaka shingoni, na kwa baridi hii sikushangaa. Akala nayo. Tulipoinamisha vichwa kusali, akasali nayo, na hapo nikajua kuna jambo, maana yule huvua kofia hata kwa jeneza la mtu asiyemjua. Nikaivuta.

Mama, sikio lake la kushoto, upande ule ule wa Nazari, lilikuwa na kijiti cha ufagio na damu iliyoganda. Alitoka mkutanoni akaenda moja kwa moja kwenye saluni ya Dorah, wanakotobolewa wasichana, akasubiri zamu kwenye benchi na viatu vyake vya kazini. Mkubwa wake akiliona, hatatafuta sababu nyingine ya kumpunguza. Aliniambia haamini hata kidogo mambo ya chungu. Lakini wale wawili aliwachimbia kaburi kwa mikono yake, na amechoka kuniona nikihesabu pumzi za mtoto. Akasema kama kuna anayezunguka akitafuta nyumba isiyo na tundu, basi aanze kwa kumkagua mwenye nyumba.

Nililia, nikamtukana, nikamwita mhuni, kisha nikaenda kuchemsha maji.

Sasa namwosha asubuhi na jioni, na mtu mzima yule ana kelele kuliko mtoto. Jana chumvi ilipomwingia aliruka, akasema Mama Nazari, taratibu. Unajua nilivyowakataza watu wote kuniita hivyo mpaka meno yatoke, na waliozoea kuniita Mama Cleopa wamebaki kuniita mwalimu tu. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi. Nilisimama na pamba mkononi, nikangoja nione kama nitaogopa.

Basi nakuuliza wewe, kwa kuwa Bibi hayupo: tundu la baba linahesabika kwa mtoto? Ukijibu, nijibu mimi. Usimwandikie yeye, atajifanya hajui unasema nini.

Nisalimie Baba, na Kaka Florian, umwambie alishike sikio lake kwa niaba yetu. Wasalimie kina mama wa kanisani, ila habari za kofia wasizisikie. Mkweo anakuamkia kwa heshima. Hajui nimekuandikia haya. Nazari bado amelala, na ukurasa huu wa mwisho nimeuandika bila kuinuka.

Mimi mwanao,
Mama Nazari