Mkia wa Gauni la Rebeka

Jumatatu, 5 Agosti

Nimefumua magauni mawili ya sendofu, ya kuagwa bibi harusi, tangu asubuhi. La kwanza kubana kiuno. La pili kupunguza urefu sentimita saba, maana mwenye nalo kaamua kuvaa viatu vya chini, bwana harusi ni mfupi. Sikucheka mbele yake. Vumbi la barabara linaingia mpaka kwenye satini. Nimefunga dirisha, joto likanitoa jasho.

Saa tisa kaja Deo, mkwe wangu, baba yake Jovina. Kavaa shati la kuchomekea siku ya kazi, nikajua kuna jambo. Kaongea kwanza foleni ya malori mpakani Rusumo, anakoishi, na ugumu wa kazi za forodha. Nikamwacha azunguke. Mwisho kasema anaoa, tarehe 31 mwezi huu. Mwalimu wa Biharamulo, Msukuma. Nikasema hongera, na nilimaanisha. Binti yangu Stella alifariki siku tatu baada ya kumzaa Jovina, na Jovina sasa ana miaka mitano. Mwanamume hawezi kukaa peke yake mpaka Yesu arudi.

Halafu kasema baada ya harusi atamchukua mtoto. Azoee nyumba, Januari aanze shule hukohuko.

Hakuniuliza. Aliniarifu. Kwa adabu zote, lakini aliniarifu.

Sijala.

Jumatano, 7 Agosti

Adventina wa jirani kaja kunifariji. Anasema mtoto ni wa kwao, na nimshukuru Mungu baba yake kamkumbuka, wengine hutelekeza. Anasema sasa nitapumzika, nimetua mzigo.

Mzigo! Mtoto niliyemlea kwa maziwa ya kopo na kijiko, tangu ana siku nne. Nimemnywesha Adventina chai. Natamani ningeinyima sukari.

Ijumaa, 9 Agosti

Yule mwanamke kaja. Mwenyewe, kwa bodaboda, kapakata gauni lake kwenye mfuko. Eti Deo kamwambia hapa Rulenge gauni la harusi halipelekwi kwa fundi mwingine. Sijui kanisifu au kanitukana.

Jina lake Rebeka. Ana mwanya, mnene kiasi. Kapiga magoti mlangoni kunisalimia, yote mawili, kwenye vumbi, kama wanavyofunzwa kwao. Nilitaka kumchukia kabla hajainuka. Sikuwahi.

Gauni kalinunua Kahama, la mtumba. Zuri, niseme ukweli. Satini nzito, mkia mrefu wa kufagia kanisa zima. Ila linambana. Zipu imegoma, pengo la kiganja kizima mgongoni. Kaona haya mpaka machozi yakamlengalenga. Nikamweleza kikazi: natoa zipu, naweka vitanzi na kamba mgongoni, nakata mkia nipate vipande vya kuongeza ubavuni. Kasema, "Mama, fanya unavyoona wewe."

Jovina alikuwa kasimama pembeni anamkodolea macho. Akaniuliza, "Mama, huyu nani?" Rebeka kashtuka. Hakujua kwamba mtoto huniita mama. Hata mimi sikumfundisha, aliokota mwenyewe kwa wateja, nami sikumrekebisha. Nani angemrekebisha?

Nikamwambia ni mteja. Nimedanganya, na sijutii.

Jumapili, 11 Agosti

Misa ya kwanza. Sikusali. Nilikuwa nahesabu Jumapili zilizobaki. Mbili.

Jumanne, 13 Agosti

Nimeukata mkia. Lakini niandike na jambo jingine, maana daftari hili halisomwi na mtu.

Nilikaa na mkasi mkononi muda mrefu. Nikawaza, kosa dogo tu. Vitanzi nivishone kwa uzi mbovu. Avute pumzi mbele ya padri, kimoja kiachie, kingine kifuate, mgongo wote nje. Nani angejua? Wangesema gauni la mtumba hilo, limechoka. Niliiona picha yote, na nilifurahi. Mimi, mwanamke wa miaka hamsini na nane, ninayepokea komunyo kila Jumapili.

Halafu nikatunga uzi wa nailoni, ule wa kushonea mabegi, nikaupitisha mara mbili kila kitanzi. Hasira zote zimeishia hapo. Hilo gauni halifumuki hata likivutwa na ng'ombe wa kwao.

Alhamisi, 15 Agosti

Sikukuu ya Mama Maria kupalizwa. Rebeka kaja kujaribu baada ya misa. Limemkaa. Nilikuwa bado nambana kwa pini kiunoni, Adventina akaingia kuchungulia. Basi binti wa watu na pini zake zote akashuka magoti kumwamkia. Pini zimeruka huku na huku, moja ikamzama pajani. "Mayu wee!" akamwita mama yake kwa Kisukuma. Ukelele kama ule sijawahi kuusikia. Tumecheka sisi watatu mpaka nikakaa chini. Sijacheka hivyo tangu Deo aje.

Baadaye nikajikasirikia. Ninacheka na nani?

Kipande cha mkia kilichobaki ni kikubwa. Rebeka kaniomba nimshonee Jovina gauni la kushika maua, kitambaa kilekile, wafanane. Nikakunja kitambaa polepole. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama anaogopa kofi, kwamba mtoto akija kwake amwite nani.

Nikasema, "Akuite mama. Mimi ataniita bibi."

Imetoka yenyewe. Rebeka kalia. Mimi nimerudi kwenye cherehani.

Jumatatu, 19 Agosti

Somo. Mimi ni nani? Bibi. Yule shangazi wa gauni ni nani? Mama Rebeka. Jovina anadhani ni mchezo. Anajibu vizuri, anacheka, kisha anageuka, "Mama, nimeshinda?"

Nimemweleza ataenda kukaa kwa baba, Rusumo, kuna malori na maporomoko ya maji. Kafurahia malori. Akauliza mimi nitalala kitanda gani huko.

Nimemwambia akacheze nje.

Alhamisi, 22 Agosti

Nimeharibu kazi.

Gauni la Jovina. Nililikata jana, nikalishona leo, nikamvalisha. Limeishia juu ya magoti. Mabega yamembana, mikono haishuki. Nilitaka likae kwenye vifundo vya miguu. Kitambaa kimekwisha, hakuna kingine.

Miaka thelathini na moja ya kushona sijawahi kukata bila kupima. Hata ninayemshonea kila Krismasi nampima upya. Jovina sikumpima. Nilijua mwili wake, au nilidhani najua. Nilimkatia mtoto wa mwaka jana.

Je, nilikusudia? Nimejiuliza kwa ukali. Hapana, naapa. Ila huyu namwogesha kila siku, nampakata kila siku, kumbe amekua na sikuona. Nimelia nikiwa nimeshika futi ya kupimia. Yeye akanipangusa na pindo la hilohilo gauni.

Ijumaa, 23 Agosti

Nimempima. Urefu kaongezeka sentimita tisa. Nimefumua mabega, nimeunga lesi chini safu tatu. Adventina anasema limependeza kuliko lingekuwa zima. Adventina akisema kweli mara moja kwa mwaka, ndiyo hii.

Jumamosi, 31 Agosti

Harusi. Rusumo, parokiani kwa Deo. Tumekwenda na kosta kutoka Rulenge, wamama tunaimba njia nzima. Mimi nilikuwa nafumbua mdomo tu.

Kamba za mgongo zimekaa sawasawa. Jovina katangulia na kikapu cha maua, kidevu juu, akinitafuta kwenye mabenchi. Aliponiona akasimama katikati ya njia, akanipungia. Watu wakacheka. Nikamwonyesha aendelee mbele. Akaendelea.

Ukumbini nilipanga nimuage vizuri. Niliyaandaa maneno wiki nzima. Kosta ilipopiga honi nikaenda meza ya maharusi. Nimemkuta kalala mapajani kwa Rebeka, mdomo wazi. Satini juu ya satini, huoni gauni moja linaishia wapi. Rebeka kaniuliza kwa macho, nimwamshe?

Nimetikisa kichwa. Akiamka atalia, na akilia nitambeba nirudi naye, na hakuna mtu angenizuia isipokuwa kila mtu.

Nimeondoka bila kumuaga.

Jumapili, 1 Septemba

Sikwenda misa.

Alhamisi, 12 Septemba

Simu ya Deo. Mtoto halali. Tangu nimpigie juzi analia na kuita mama, Rebeka akienda anamsukuma. Kaniomba, kwa heshima, nisipige kwa muda. Miezi miwili hivi. Atulie kwanza.

Nimesema sawa, baba.

Namchukia Deo leo. Namchukia kwa sababu ana haki.

Jumanne, 24 Septemba

Kazi tu. Gauni la mahafali, gauni la mama mlezi wa kwaya. Simu naiweka chumbani, mimi nakaa sebuleni.

Jumatano, 16 Oktoba

Mvua imeanza, barabara ni tope. Wateja wachache.

Rebeka kaniandikia ujumbe. Anaomba nimshonee Jovina sare za shule, na kapima mwenyewe kwa futi aliyonunua dukani. Kifua hamsini na saba. Kiuno hamsini na nne. Urefu wa sketi arobaini. Chini kaandika kwamba analala sasa, anakula, ameacha kulia.

Nimeyanakili kwenye ukurasa wa vipimo, pamoja na wateja wengine. Jina, tarehe, kifua, kiuno, urefu. Ameacha kulia. Hilo ndilo nililoliomba kwa Mungu, na limeniuma kuliko yote.

Sare nimeshona mbili. Nimeacha pindo pana, nikamwandikia Rebeka namna ya kulishusha mtoto akirefuka. Afumue taratibu, apige pasi kwanza, asikate kitu. Kanijibu anaogopa kuharibu. Nikamwambia ataharibu mara moja, kisha atajua.

Jumamosi, 14 Desemba

Wamekuja kunisalimu, wote watatu. Nilikuwa nimeamka mapema, nimechinja kuku, nimefagia uwanja mara mbili.

Jovina kashuka garini na soksi nyeupe. Amenenepa. Rebeka kamsuka vizuri, mistari imenyooka. Kanijia, kichwa chini, "Shikamoo bibi." Hakukosea. Marahaba, nikasema, marahaba mwanangu.

Nilimkumbatia, naye akasimama ananingoja nimalize.

Kakaa kwenye kochi karibu na Rebeka, mikono mapajani, anaangalia cherehani, anaangalia ukuta. Deo anaongea malori. Nikamuuliza habari za shule atakayoanza Januari, akajibu nzuri. Rafiki? Anaye. Jina? Kalitaja. Baadaye kamnong'oneza Rebeka sikioni. Rebeka akacheka kidogo, akamwambia amwombe bibi mwenyewe, bibi hang'ati.

Kasimama mbele yangu.

"Bibi, naomba maji ya kunywa."

Ndoo iko palepale nyuma ya mlango, na kikombe juu ya mfuniko. Alikuwa anachota mwenyewe tangu anajifunza kusimama, anamwaga nusu sakafuni, namgombeza.

Nimetoa glasi kabatini. Nimeisuuza. Nimemletea juu ya kisahani. Kapokea kwa mikono miwili, kanywa yote, kasema asante.