Farasi wa Namba 438

Barabara ya Tannery 27,
Marlow Falls, Ohio.
9 Oktoba 1986

Mpendwa dada Verna,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Nyonga inaendeleaje tangu upasuaji? Natumaini sasa unashuka ngazi bila kumwita mtu, na mvua za huko Oregon hazikuingii mifupani. Sisi tu wazima. Floyd wangu amemaliza paa la banda, na pichi zote zimeshaingia kwenye chupa. Mimi tu ndiye nisiyekaa kitini. Barua hii nimeianza mara tatu, na mara mbili nimeinuka kwenda kufuta meza ambayo ni safi.

Unakijua kijitabu changu cha postikadi za Hobart Tisdale, yule mpiga chapa wa zamani wa mji wetu. Kurasa sitini na nne, kadi 612, kila moja na namba yake, mwaka wake na maelezo yake. Kwa miaka kumi na moja niliwaandikia wakusanyaji wa majimbo kumi na tisa huku nikishona glavu kiwandani, mimi niliyeacha shule darasa la nane. Tangu kilipotoka 1971 hakuna aliyenunua kadi ya Tisdale bila kukifungua kwanza.

Sasa Wendell Krebs, yule mwalimu mstaafu mwenye tai ya kipepeo, ametoa kitabu chake, jalada gumu, picha za rangi. Kadi 612. Namba zilezile, mpangilio uleule. Jina langu halimo hata kwenye shukrani, ambako paka wake ametajwa. Na Jumamosi tarehe 25 chama chetu cha wakusanyaji kitampa ngao kwa kitabu hicho.

Nilimfuata mezani kwake kwenye maonyesho ya Dayton.

“Bi Arlys,” akaniambia mbele za watu, “namba ni za Tisdale, si zako. Tumehesabu kitu kimoja, tumepata jibu moja. Au hesabu za kiwandani ni tofauti?”

Wakacheka. Nikamuuliza kama kadi namba 438 ameiona.

“Kwa macho yangu haya, kule Indiana. Safi kabisa, nyuma haijaandikwa kitu.”

“Basi una macho mazuri, mwalimu,” nikasema, nikaondoka.

Dada, 438 iko kwako. Ni ile picha ya farasi mweupe ndani ya maji ya mafuriko ya 1913, ambayo babu Amos alimtumia mama yako, shangazi yangu. Nilipoiona kwenu nilikuwa na pengo kwenye orodha yangu, kati ya 437 na 439, lililoninyima raha. Nikaona 438 pembeni mwa picha, nikaliziba papo hapo. Kijitabu kilipokwisha kutoka ndipo uliponiandikia kwamba babu aliipiga picha hiyo mwenyewe, akaichapa jikoni, na 438 ilikuwa namba ya leseni ya gari lake la maziwa. Tisdale hakuwahi kuchapa 438. Iko moja tu duniani, na nyuma imejaa mwandiko wa babu.

Barua yako hiyo niliificha. Miaka yote hii watu wanaisaka kadi ile, nami kimya, nikijivunia kwamba sikukosea hata namba moja.

Nakuomba uitume kwa posta ya rejista, ifike kabla ya tarehe 25. Iweke kati ya makaratasi mawili magumu, gundi isiiguse. Nakala sitaki. Nataka waigeuze kadi yenyewe, wausome upande wa nyuma kwa macho yao.

Floyd anasema nitakuwa nimejivua nguo mbele ya watu themanini. Huenda. Lakini katika kadi zote 612 za Krebs, hiyo ndiyo pekee ambayo hawezi kusema ni ya Tisdale, wala yake. Kosa lile ni langu, na nitasimama kulidai.

Nisalimie shemeji Orrin na Lucille, na umbusu mjukuu mpya. Mungu akupe hatua nyepesi na usingizi ambao mimi sina.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata unaponisahihisha,
Arlys