Msiniongezee Mwanga

Baba Kidosho, na wewe Kidosho mwenyewe,

Nimewahi zamu. Chakula kiko jikoni, kipasheni.

Printa msiiguse. Ile mistari myeupe imekwisha, nimesafisha vichwa vya wino. Na wino ulikuwa unachuruzika kwa sababu mlichapa upande wa nyuma wa karatasi. Picha inakaa upande unaong'aa, jamani.

Asubuhi picha yangu ilipotoka safi kabisa, Kidosho ukasema printa bado ina kasoro, eti Mama ametoka mweusi mno. Baba yako akadakia, "Ongeza mwanga." Mkaongeza, mkaongeza, mpaka pua yangu ikapotea. Nikacheka pamoja nanyi. Nilipoingia chumbani kuvaa sare, sikucheka.

~~Basi tundikeni yoyote mnayoipenda.~~

Hapana. Sebuleni inatundikwa ile ya kwanza, nimeiacha chini ya kikaratasi hiki. Ile isiyo na pua nimeichana, msihangaike kuitafuta.

Printa ni nzima. Rangi ile ni yangu, nimezaliwa nayo na Kidosho nimempa. Wino mweusi ukiisha kwa ajili yangu, nunueni mwingine.

Mama, tena mkeo