Nyota Iliyotua Kwenye Beseni la Bibi

Nyumbani, chumba cha mbele,
Ijumaa alasiri.

Mpendwa Mjomba,

Assalaam alaykum. Hujambo huko uliko? Kifua kimepona ule moshi wa kuchomelea vyuma? Sisi tu wazima. Baba hanyanyuki kwenye cherehani kwa sare za shule, nami nimepanda darasa.

Mjomba, nina jambo la kukueleza, na Bibi ameniruhusu. Alipokupigia simu akisema usije likizo hii kwa sababu nyumba inapakwa rangi, hapakuwa na rangi yoyote. Kuta ni zile zile, na doa la mafuta ya kichwa chako juu ya kochi bado lipo. Bibi aliogopa tu.

Aliota nyota imeshuka kutoka mbinguni ikatua uani, ndani ya beseni la kufulia. Asubuhi akaenda kusukwa kwa yule jirani yetu tunayemwita Redio, akamsimulia. Redio hakuweka hata kitana chini. "Nyota ikianguka, mkubwa wa ukoo anaondoka. Na mkubwa wenu ni yule aliye mbali." Bibi akahofia usije ukafia njiani, na tangu siku hiyo, jina lako likitajwa, hukimbilia jikoni.

Nilikumbuka tulivyofundishwa madrasa, kwamba ndoto husimuliwa mtu akupendaye au mwenye elimu, si yeyote aliye karibu. Nikambembeleza twende kwa ustadhi wetu. Alikubali shingo upande.

"Ulimsimulia nani kwanza?" ustadhi akauliza.

"Redio," Bibi akajibu, akitazama viatu vyake.

"Bibi yangu! Si bora ungepanda juu ya paa ukatangaza!"

Bibi akacheka, jambo ambalo hatukuwa tumeliona kwa siku nyingi. Ustadhi akaeleza kwamba nyota ndotoni huwa ni watu: wanazuoni, wakubwa, au ndugu, kama zile za Nabii Yusuf zilivyokuwa ndugu zake. Ikianguka ikazimika, wapo wafasiri wanaoihofia. Kisha akauliza swali ambalo sisi wote hatukuliuliza.

"Je, ilizimika?"

"Haikuzimika. Iliwaka ndani ya maji, nikanawa uso kwa mwanga wake."

"Sasa unalia nini? Huyo ni mgeni wako anakuja. Ya ghaibu anayajua Mungu, lakini mimi ningekuwa wewe ningetandika kitanda."

Tumetandika, Mjomba, kwa ile shuka ya mistari. Beseni limesuguliwa na hakuna anayeruhusiwa kufulia ndani yake. Redio naye ameshautangazia mtaa mzima kwamba unakuja, tena anadai ndoto aliifasiri yeye!

Likizo yako haijapita. Tafadhali njoo.

Baba, Mama na mapacha wanakusalimu. Mungu akufungulie njia na akulinde hadi mlangoni petu. Bibi anakusalimu mara mbili, ya pili ni ya kuomba radhi. Anasema kama rangi imekukaa moyoni, uje uipake mwenyewe.

Mpwa wako anayekungoja kwa mapenzi,
Wino