Ghala la Shangazi

Shangani, Jumanne

Hasi elfu thelathini na mbili na ushee! Shangazi kaja kutoka Nanyamba, kanigeuzia simu: "Mwanangu, ghala langu lilikuwa linajaa. Sasa gemu lako limeweka kistari mbele ya namba. Korosho zangu ziko wapi?"

Nimeipitia programu mstari kwa mstari. Namba ya ghala niliitengea nafasi ndogo ya kumbukumbu: ikifika 32,767, ukiongeza kilo moja tu inageuka kuwa hasi 32,768. Kikomo hicho nilikijua. Nilidhani hakuna atakayekifikia, maana mchezaji ataokota na kuuza, ataokota na kuuza.

Nanyamba nani anauza hivyo? Shangazi alikuwa anarundika akisubiri mnada, kama afanyavyo kila msimu. Na mimi, niliyelala juu ya magunia yale utotoni, nikatengeneza gemu la korosho lisilo na mnada!

Nafasi nimeshaipanua. Haitoshi. Kesho naanza kuunda mnada wenyewe, hata kama itabidi nibomoe nusu ya kazi. Naogopa sitauweza, lakini naanza.

Shangazi kesharudi Nanyamba, kanitumia ujumbe sasa hivi. Ameanza upya, ana gunia moja, na hauzi mpaka nimwambie mnada ni lini.