Doa la Uji kwenye Chandarua

Buyenzi, Bujumbura, 4 Machi 2001

Mdogo wangu Aboubacar,

Assalaam aleikum. Joto la Dar linakuendeaje? Sisi tupo, alhamdulillahi, ila risasi za mtaa wa Kinama hazituachi tulale, na zikinyamaza mbu wanapokea zamu.

Sitakuficha. Hayat mwanao ameshikwa na malaria, mara ya pili tangu umwache kwangu. Analala ndani ya chandarua nilichokichovya mwenyewe katika ile dawa ya mbu uliyoniletea kwa meli ya Kigoma. Mbu wanatua juu yake na kupumzika kama wageni wa harusi! Nimewachovyia majirani wote, na sasa wanawake wananiita Mama Maji. Niambie kweli, dawa hiyo uliinunua kwa nani? Umemtumia mtoto wako maji ya rangi?

Dada yako,
Mwantum


Dar es Salaam, 19 Aprili 2001

Dada Mwantum,

Shikamoo. Hayat anaendeleaje? Tangu barua yako, chakula hakinipiti kooni. Najua umedhani nimenyamaza kwa aibu. Kumbe nilikuwa naifuata dawa ilikotoka, duka kwa duka.

Aliyeniuzia Kariakoo aliitoa Dubai. Yule wa Dubai nilimpigia simu, akasema madumu yanajazwa Bombay na dawa yenyewe inatengenezwa Uchina. Nikauliza inatengenezwa kutokana na nini, akacheka akakata simu. Muuza dawa za mashamba ndiye aliyenifumbua macho: wataalamu waliiga sumu ya ua la pareto, wakaitengeneza kiwandani. Pareto, dada! Si lile linalolimwa hapo Rwanda? Ua liko kwa jirani yenu, mwigo wake unazunguka dunia ndipo uwafikie. Sikulala siku hiyo kwa kulifikiria.

Basi nikachovya chandarua changu kwa dawa ya dumu lile lile. Asubuhi nikakuta mbu chali shukani. Dawa ni nzima, dada. Usinikasirikie, lakini mtafute mtu huko ambaye chandarua chake bado kinaua, umwulize anakitunzaje.

Mdogo wako,
Aboubacar


Buyenzi, 7 Juni 2001

Mdogo wangu,

Marahaba. Kula sasa, Hayat amepona. Leo amemaliza sahani ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, na bado anachungulia sufuria.

Nilimtafuta huyo mtu nikiwa nimenuna, nia yangu nikuumbue. Nikampata Concilie, mwalimu wa Gihosha, niliyemchovyia chandarua siku moja na cha Hayat. Chandarua chake, wallahi, ni cheusi kuliko kitambaa cha jikoni, na chini yake mbu wamekufa tele. Nikamwuliza, "Mama, hiki hukifui?"

Akanishangaa. "Nifue na nini, Mwantum? Bomba imekauka tangu vita, mayi tunabeba ku kichwa. Sahani zenyewe nazibania, sembuse mustikere!"

Nilirudi nyumbani nikalikuta beseni langu uani. Unatujua watu wa Buyenzi: Alhamisi kila kitu kinaingia kwenye beseni, ili Ijumaa itukute tunang'aa. Vyandarua navyo tulivitia humo, sabuni na kusugua, kisha jua la kutwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwahimiza wenzangu. Cha Hayat, kwa kuwa alikuwa mgonjwa, nilikifua mara mbili kwa wiki. Dawa imetoka Uchina, imepita vita salama, ikaishia kwenye mtaro wetu.

Nisamehe, Aboubacar. Nilikutukana moyoni kuliko nilivyoandika.

Nimevichovya vyote upya, na kila Alhamisi napita nyumba kwa nyumba nikiwanyang'anya wanawake vyandarua mikononi. Wamenibadilisha jina, sasa ni Mama Uchafu. Hayat kila asubuhi ananiletea mbu waliokufa kiganjani na kuuliza ua gani limewaua. Nimemwambia hilo ni swali la baba yake.

Amekimwagia chandarua chake uji, doa liko palepale juu ya mto. Leo ni Alhamisi. Beseni limejaa povu, mikono inaniwasha. Doa bado lipo.

Dada yako mchafu,
Mwantum